Kubakapu kompyuta ya nyumbani fasta, bila kumaliza bando wala kujaza diski

Mvua zikianza huku Mbeya, kuanzia Novemba mpaka huko Aprili, mafundi kompyuta wa Mwanjelwa wanaletewa mashine zilizopigwa na radi, au umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ukaondoka na hadidiski, na mteja kabla hata hajauliza bei ya diski mpya anauliza kwanza "vitu vyangu vitapatikana?" Hapo fundi anabaki kukuna kichwa. Laptopu nyingi za siku hizi zina SSD, yani diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na SSD ukifuta kitu Windows inaiagiza isafishe kabisa ile nafasi, hiyo kazi inaitwa TRIM, kwahiyo zile programu za kurudisha mafaili zikija hazikuti kitu. Alafu SSD ikifa mara nyingi inakufa ghafla tu, sio kama hadidiski ya zamani ambayo huwa inaanza kulia tik tik na kuwa nzito siku kadhaa kabla, yani ilikuwa inakupa nafasi ya kukimbia.

Kwahiyo naomba usome hii taratibu alafu wikiendi hii ufanye. Wengi wanaojua umuhimu wa bakapu, yani nakala ya akiba ya vitu vyako, hawafanyi kwasababu walishajaribu kukopi kompyuta nzima, ikala siku nzima, flashi ikajaa katikati, wakachoka wakaacha. Njia nyepesi ni kuchagua kwanza vitu ambavyo huwezi kuvipata tena popote, unavikopi vyote mara moja, na kuanzia hapo unakopi mabadiliko tu. Ile mara ya kwanza ndo ndefu. Baada ya hapo kila wiki ni dakika chache, unaacha inaenda wakati unapiga pasi nguo za kesho.

Kwanza hii habari ya D

Ntaanza na hili maana linaumiza watu wengi sana. Fundi alikugawia diski ikawa C na D, akakwambia vitu vyako weka D ili siku nikipiga window upya visipotee. Ni kweli, akifomati C peke yake vya D vinabaki. Lakini C na D ni diski ileile moja, wameigawa tu, ni sawa na kufunga gunia moja la mahindi kamba katikati alafu useme una magunia mawili, likilowa limelowa lote. Diski ikifa, laptopu ikiibiwa kwenye basi, radi ikipiga, C na D vinaenda pamoja. Endelea kutumia D kwa kupanga vitu ila usiiite bakapu.

Cha kukopi na cha kuacha

Windows yenyewe acha. Ofisi, VLC, michezo, programu zote acha, hizo zinawekwa tena. Muvi na sizoni acha, utazipata tena. Ukishatoa hivo vyote utashangaa vitu vyako halisi ni vichache. Kama hujui nini kinakula nafasi weka programu ya bure inaitwa WinDirStat, inakuchorea diski yako kwa viboksi vya rangi, kiboksi kikubwa ni faili kubwa, unaona palepale kwamba nusu ya diski ni video ulizoshusha mwaka juzi.

Vya kubakapu ni hivi: picha na video za familia, ubarikio, kipaimara, sendoff, msiba wa mzee. Kama wewe ni mwalimu, maandalio yako ya masomo, mitihani uliyotunga na matokeo. Kama ni katibu wa kikoba, ile Excel ya hisa na mikopo ambayo ikipotea mtagombana na watu mnaoheshimiana. Mwanafunzi wa MUST au Mkwawa, risechi yako, na hapa nasisitiza, risechi haitakiwi ikae kwenye flashi moja inayozunguka stesheneri za chuo, maana zile flashi zinarudi na virusi vya kugeuza folda kuwa shotikati. Alafu skani vyeti vyako vyote, cha kuzaliwa, vya NECTA, kitambulisho cha NIDA, hati ya kiwanja, weka folda moja.

Sasa kuna vitu vinajificha na watu huwa wanavisahau. Desktopu na Downloads ndo sehemu watu wanatupia kila kitu, angalia humo kabla ya kwingine. Programu za mahesabu ya duka mara nyingi hazihifadhi data kwenye Documents, zinaweka kwenye folda yao huko C, kwahiyo ingia ndani ya programu yenyewe utafute sehemu imeandikwa Backup, ubonyeze, alafu lile faili linalotoka ndo ulikopi. Barua za Outlook kama unatumia ya kwenye mashine ziko kwenye faili linaloishia na .pst. Paswedi na bukumaki za brauza nazo, ama uingie na akaunti zisevu huko ama uzitoe kama faili, ila faili la paswedi lisikae wazi, ntaeleza kulifunga.

Kitu kingine ni BitLocker. Laptopu nyingi za Windows 11 diski yake inakuja imefungwa kwa siri bila wewe kujua, ni kitu kizuri kwa wezi ila siku laptopu inakufa na fundi anatoa diski ili aisome kwenye mashine nyingine, inadai funguo ya tarakimu 48. Hiyo funguo ukiingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwenye brauza utaikuta kwenye ukurasa wa vifaa vyako. Iandike kwenye karatasi, weka karatasi na vyeti vya nyumbani. Fanya leo wakati laptopu bado nzima.

Kununua diski

Jumlisha ukubwa wa vile ulivyochagua, alafu nunua eksteno, yani diski ya nje ya kuchomeka kwa USB, yenye angalau mara mbili yake. Kama vitu ni jibii 200, diski ya jibii 500 au terabaiti moja inatosha kabisa miaka kadhaa. Kwa nyumbani mimi napendelea hadidiski ya eksteno ya kawaida kwasababu kwa bei ileile unapata nafasi kubwa kuliko SSD, ila SSD ya eksteno ina faida moja ya kweli, haina kitu kinachozunguka ndani kwahiyo ikidondoka haifi kirahisi. Kama ni ya kusafiri nayo kwenye basi mara kwa mara chukua SSD, kama inakaa kabatini chukua hadidiski.

Flashi kwa bakapu kuu sishauri. Na angalia sana zile flashi za terabaiti mbili zinazouzwa bei ya soda, hizo ni feki, ndani kuna jibii chache tu lakini zimechezewa zijitangaze kubwa, unakopi vizuri inakubali alafu ukija kufungua picha ni kijivu. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaandika diski nzima mpaka ijae alafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo. Diski yoyote mpya ipitishe hapo kabla hujaweka hata picha moja, inachukua masaa ila inakuambia ukweli.

Angalia na fomati, yani mpango ambao diski inatumia kuhifadhi mafaili. Diski ikiwa FAT32 haikubali faili moja linalozidi jibii 4, ndo maana video ya harusi inagoma na kukwambia faili ni kubwa wakati diski iko tupu. Ifomati iwe NTFS kama unatumia Windows tu, au exFAT kama itachomekwa na kwenye Mac. Kufomati kunafuta kila kitu kwenye hiyo diski, kwahiyo fanya ikiwa mpya, na uangalie mara mbili kwamba umechagua diski yenyewe.

Alafu chomeka kwenye tundu sahihi. USB 2.0 kwa uhalisia inasukuma kama megabaiti 30 mpaka 40 kwa sekunde, jibii 200 inakula kama saa moja na nusu, au hata karibu mbili. USB 3.0 kwa hadidiski ya kawaida inafika kama 100, jibii 200 zilezile ni kama nusu saa na kitu. Mara nyingi tundu la USB 3.0 ndani lina rangi ya bluu au lina alama ya SS. Watu wana laptopu nzuri na diski nzuri wanachomeka tundu la upande mwingine alafu wanalalamika diski nzito.

Kukopi kwenyewe

Kukopi na kupesti kwa mkono kunafanya kazi mara ya kwanza. Tatizo ni wiki ya pili, unapesti tena Windows inakuuliza faili 4,000 zipo tayari uziandike juu au uziruke, umeme unakatika katikati hujui ulifika wapi. Kwahiyo tumia moja ya njia hizi mbili.

Njia rahisi ni File History, ipo ndani ya Windows tangu Windows 8. Fungua Control Panel, System and Security, File History, chomeka eksteno, bonyeza Turn on. Yenyewe inachukua Desktopu, Documents, Pictures, Music na Videos, na kawaida yake kila saa inaangalia nini kimebadilika inakopi hicho tu. Uzuri wake mkubwa ni kwamba inatunza matoleo ya nyuma, yani ukifuta kwa bahati mbaya sura nzima ya risechi ukasevu, unaweza kurudi kwenye faili la jana yake. Kama folda yako iko D bonyeza kulia juu yake uchague Include in library, kwenye Windows 11 anzia Show more options, itaingia kwenye orodha. Ingia na Advanced settings, ile sehemu ya muda wa kutunza iko milele, badili iwe mwaka mmoja au Until space is needed, la sivyo diski itajaa polepole bila wewe kuelewa kwanini. Na kwa kuwa diski hutaiacha imechomekwa, kila ukichomeka bonyeza Run now.

Njia ya pili ni robocopy, amri ya kukopi mafaili, na hii ndo ninayoipenda kwa picha na video maana inakopi mafaili kama yalivyo, unaweza kuyafungua kwenye mashine yoyote. Iko ndani ya Windows tayari, hudaunilodi kitu. Fungua Notepad uandike mstari huu, ukibadili jina la mtumiaji liwe lako:

robocopy "C:\Users\Neema\Documents" "X:\Bakapu\Documents" /E /XO /FFT /XJ /R:2 /W:5

Nakili mstari huohuo chini yake kwa Pictures, kwa Desktop na kwa folda nyingine, kila moja mstari wake, alafu sevu kwa jina bakapu.bat. Kuanzia hapo kila wiki unachomeka diski unabonyeza mara mbili hilo faili, basi. Inalinganisha yenyewe, faili ambalo halijabadilika inaliruka. /E inachukua folda zote za ndani, /XO inazuia faili la zamani lisije kuandika juu ya jipya, /FFT inasaidia diski za exFAT zisikopi upya kila kitu kwa sababu ya tofauti ndogo tu ya muda ulioandikwa kwenye faili, /XJ inaruka zile folda za Windows ambazo ni viungo tu vya kwenda folda nyingine. /R:2 na /W:5 usiziache kabisa, maana bila hizo robocopy ikikuta faili bovu inajaribu mara milioni moja, kila mara ikisubiri sekunde 30, yani utaikuta imekaa palepale asubuhi.

Utaona mtandaoni wanashauri /MIR. Hiyo inafanya diski ya bakapu ifanane kabisa na mashine, maana yake ulichokifuta kwenye mashine inakifuta na kwenye bakapu, na ukikosea njia ukaelekeza kwenye folda yenye vitu vingine inavifuta hivo vitu. Kwa nyumbani achana nayo.

Ile X ni herufi ya diski. Windows huwa inabadilisha herufi kila ukichomeka vitu tofauti, leo E kesho F, kwahiyo ingia Disk Management, bonyeza kulia kwenye eksteno, Change Drive Letter and Paths, ipe X na itabaki X kwenye hiyo mashine. Na kama Documents yako imehamishiwa OneDrive, njia itakuwa C:\Users\Neema\OneDrive\Documents, angalia vizuri, vinginevyo utakuwa unabakapu folda tupu kila wiki.

Ukiwa na folda lenye mafaili madogo madogo maelfu, kukopi kunakuwa kuzito hata kama jumla ni jibii mbili tu, hapo lifunge kwanza kwa 7-Zip liwe faili moja alafu ukopi hilo. Picha za JPG na video za MP4 usihangaike kuzizipu, zimeshabanwa tayari, hazipungui kitu. 7-Zip hiyohiyo ndo ya kufungia paswedi na vyeti, chagua fomati ya 7z, weka paswedi, weka tiki kwenye Encrypt file names, hapo hata diski ikiokotwa hawasomi hata majina ya mafaili.

Wa Mac wana Time Machine, chomeka diski ikubali imekwisha. Wa Ubuntu wana Déjà Dup, na rsync kwa wanaopenda kuandika amri.

Mtandaoni, na bando lako

Google inatoa jibii 15 bure, ila ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja. OneDrive ni 5. Kwa hiyo huko weka vile vichache vyenye uzito wa maisha, vyeti vilivyofungwa na 7-Zip, risechi, Excel ya kikoba. Usijaribu kupandisha picha zote za familia kwa bando la simu. Jibii 100 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 2 kwa sekunde zinachukua zaidi ya siku nne na nusu bila kupumzika, wakati diski hiyohiyo ukiipakia basi la asubuhi stendi Mbeya, mchana iko Iringa.

Watu wa hotspoti angalieni kitu kimoja, Windows 11 ukiingia na akaunti ya Microsoft inapenda kuanza yenyewe kupandisha Desktopu na Documents OneDrive, unashangaa bando limeisha na hujaangalia hata video. Ingia Settings, Network & internet, chagua ile Wi-Fi ya simu yako, washa Metered connection, OneDrive itasimama. Na mafaili yenye alama ya wingu hayako kwenye mashine, robocopy ikiyakuta itayashusha kwanza ndo iyakopi, nalo ni bando.

Alafu ujue kusinki, yani kufanya mashine na mtandaoni vifanane muda wote, na kubakapu ni vitu viwili. Ukifuta faili kwenye mashine linafutika na kule, unabaki na siku 30 za kwenye tupio la Google Drive au OneDrive, zikipita limeenda.

Diski ya pili ikae mbali

Wapiga picha wana kanuni ya 3-2-1, aliyeisambaza ni mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya nyumba. Hiyo ya mwisho ndo inarukwa sana. Mwanjelwa wenyewe tunajua moto, soko liliungua 2006, la Sido likaungua 2017, na mwenye duka ambaye kompyuta na eksteno yake vyote viko droo moja dukani hana nakala mbili kwa siku kama ile.

Huku nyanda za juu tunasafiri sana kwa misiba, harusi na sikukuu, tumia safari hizohizo. Nunua diski mbili zinazofanana, andika A na B kwa maka pen. A iko kwako Uyole, B iko kwa dada anayeishi Makambako au kwa mjomba anayeishi Kihesa. Ukienda Krismasi unabeba A yenye vitu vipya unaiacha, unarudi na B unaijazia. Kwa sababu inakaa kwa mtu mwingine, bora diski nzima iwe na paswedi, kama Windows yako ni Pro tumia BitLocker To Go, kama ni Home tumia VeraCrypt, ya bure. Paswedi hiyo mwenza wako aijue.

Umeme, radi na unyevu

Ukimaliza kukopi toa diski kwa Eject alafu ichomoe, usiiache imening'inia kwenye mashine. Sababu ya kwanza ni radi, inapita kwenye waya inaua mashine na kila kilichochomekwa kwake. Sababu ya pili ni virusi vya kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, vinafunga mafaili ya mashine na ya diski yoyote vitakayoikuta imechomekwa. Radi ikianza kunguruma chomoa waya ukutani kabisa, kuzima swichi hakutoshi, na waya wa ruta chomoa pia. Wakati wa kukopi laptopu iwe na chaji ya kutosha, na kama ni desktopu bila UPS (ile betri ya akiba) subiri saa ambayo mtaa wenu umeme huwa umetulia.

Wa Tukuyu na Rungwe yote mnajua unyevu wa kule, nguo kabatini zinaota ukungu. Diski iweke kwenye kontena la plastiki la mfuniko wa kubana pamoja na vile vipakiti vyeupe vinavyokuja kwenye viatu vipya. Wa Makete na Njombe, Juni na Julai diski ikitoka kwenye baridi ikaingia chumba chenye jiko la mkaa inaweza kutoa jasho, iache kama saa moja ndo uchomeke.

Kujaribu, na siku yenyewe ikifika

Kila baada ya miezi michache chukua diski ya bakapu nenda nayo kwenye kompyuta nyingine, ya jirani au ya kazini isiyo na virusi, fungua picha za mwaka wowote, cheza video mpaka katikati, fungua lile faili la 7z kwa paswedi. Kwenye File History bonyeza Restore personal files urudishe folda moja uone linafunguka. Kwenye mashine yako weka CrystalDiskInfo, inakuonyesha afya ya diski, ikiandika Caution kopi kila kitu siku hiyohiyo kabla ya kumpigia fundi.

Siku mashine ikifa kweli usikimbilie kupiga window, na usiweke programu ya kurudisha mafaili kwenye diski ileile yenye vitu vilivyopotea maana itaandika juu yake. Zima, toa diski, ifungwe diski mpya. Kabla hujachomeka bakapu yako kwenye mashine ya mtu au ya fundi, kumbuka saa hiyo ndo nakala pekee iliyo karibu, kwahiyo kwanza ikopi yote kwenye diski nyingine tupu, kwenye mashine unayoiamini, alafu urudishe vitu kutoka kwenye hiyo kopi. Ile yenyewe rudisha kabatini, na mpigie dada Makambako aitunze B mpaka umalize.